Uwanja wa majogoo: jinsi ya kuendesha malumbano ya mashairi redioni Kigoma

Vipindi vingi vya mashairi redioni huenda hivi: msikilizaji anatuma shairi, mtangazaji analighani, kisha "hongera sana malenga wetu", wimbo unapigwa, shairi jingine linafuata. Hakuna anayesema kama mizani, yaani hesabu ya silabi za mshororo, imetimia, kama kina cha ubeti wa tatu kimelazimishwa, wala kama shairi lina jambo. Mshairi mzuri na mshairi mbovu wanapewa hongera ileile, na mzuri ndiye anayechoka kwanza kutuma.

Wales, nchi ndogo iliyo magharibi mwa Uingereza, walilitatua tatizo hili kwa kuwapambanisha washairi wao hewani mbele ya mwamuzi asiye na huruma. Kipindi chao kinaitwa Talwrn y Beirdd. "Talwrn" ni uwanja wa kupiganisha majogoo, na "beirdd" ni washairi. Kinarushwa na BBC Radio Cymru, kituo cha lugha ya Kiwelishi kilichoanza Januari 1977. Kipindi chenyewe kilianza 1979 na kipo mpaka leo, katika lugha ambayo sensa ya 2021 ilihesabu wasemaji wake kuwa takriban 538,000. Kiswahili kina watu wengi zaidi ya hao mara nyingi sana, na kina kanuni za ushairi zinazohesabika kwa vidole, kwa hiyo hakuna linalozuia jambo hilo kufanyika Kigoma. Maelezo yafuatayo ni ya kituo kidogo: mtayarishaji mmoja, mtangazaji mmoja, fundi mmoja wa sauti, na timu nane.

Anza na mwamuzi

Usianze na timu, usianze na mdhamini. Kipindi hiki kinasimama au kinaanguka kwa mwamuzi, na maisha ya mtu mmoja yanatosha kuonyesha kwa nini.

Gerallt Lloyd Owen alizaliwa 1944 Llandderfel, kijiji cha Meirionnydd kaskazini mwa Wales. Alikuwa mwalimu wa shule, kisha akaingia kazi ya uchapishaji, akaanzisha Gwasg Gwynedd mwaka 1972. Jina lake lilisikika nchi nzima 1969, mwaka ambao Charles alisimikwa rasmi kuwa Mwanamfalme wa Wales katika ngome ya Caernarfon. Wawelishi wengi walishangilia, yeye akatunga mashairi makali ya aibu na maombolezo kwa ajili ya Llywelyn, mwanamfalme wa mwisho wa Wales huru, aliyeuawa 1282. Mwaka 1975 akashinda Kiti cha Eisteddfod ya Taifa, tamasha kuu la fasihi na muziki la Wales, na 1982 akakishinda tena kwa shairi refu kuhusu Cilmeri, mahali Llywelyn alipouawa miaka 700 kabla. Kiti hicho ni kiti hasa, cha kukalia, cha mbao za kuchongwa, na hupewa mshairi aliyetunga kwa kanuni kali za kale. Basi mtu huyo mwenye viti viwili ndiye aliyekuwa mwamuzi wa Talwrn tangu mwanzo, kwa zaidi ya miaka 30. Alifariki 2014.

Neno lao la mwamuzi ni "meuryn". Chanzo chake chapendeza: baada ya Vita vya Pili vya Dunia palikuwa na kipindi cha awali cha redio, Ymryson y Beirdd, na mwamuzi wake alikuwa mwandishi wa habari na mshairi R. J. Rowlands, ambaye jina lake la ushairi lilikuwa Meuryn. Jina la mtu likageuka jina la kazi. Sisi hatuhitaji kuazima, kwa kuwa Kiswahili kinalo neno shaha, mkuu wa malenga, na ndilo tutakalotumia hapa.

Shaha awe na sifa tatu. Kwanza awe mshairi ambaye washairi wenzake wanamkubali bila kubishana. Mwalimu wa fasihi asiyetunga hafai, hata kama ana shahada mbili, kwa sababu siku ya kwanza timu iliyoshindwa itamwambia hewani, "Mzee, tuonyeshe lako." Pili, asikie kosa kwa sikio. Mjaribu hivi: msomee beti kumi, tatu kati yake zikiwa na mizani 15 au 17 mahali fulani badala ya 16. Akizikamata zote tatu bila kuangalia karatasi, mchukue. Akikamata mbili, mpe mwezi wa mazoezi. Tatu, aweze kusema kosa kwa sentensi mbili na mtu asikasirike, au akikasirika, arudi wiki ijayo. Gerallt Lloyd Owen alijulikana kwa ukali na pia kwa ucheshi, na hivyo viwili vilikwenda pamoja. Ukali bila mzaha utawafukuza washairi, na mzaha bila ukali utawafukuza wasikilizaji.

Majaji watatu wenye kadi za alama ni kosa la kawaida, limeletwa na mashindano ya kuimba ya televisheni. Majaji watatu wanaogopana, wanatoa saba na nusu kwa kila kitu, na dakika za hewani zinaliwa na salamu. Tafuta shaha mmoja. Tafuta pia naibu wake mapema, akae naye msimu mzima bila kusema hewani, maana hata Wales siku ilifika Gerallt akastaafu. Akapatikana Ceri Wyn Jones, naye mshindi wa Kiti, na kipindi hakikutetereka.

Ujiji ni mahali pazuri pa kumtafutia shaha. Ndiko alikotoka Saadani Kandoro, mshairi na mmoja wa waasisi wa TANU 1954, na kujibizana kwa beti ni jambo ambalo wazee wa huko hawahitaji kufundishwa. Usidharau pia walimu wastaafu wa Kasulu, wala kina mama wa vikundi vya kaswida, kwani masikio yao ya mizani mara nyingi ni makali kuliko ya wanaojiita malenga.

Timu na msimu

Timu nane, washairi wanne kila timu. Kwa mfano Ujiji, Mwanga, Gungu, Mwandiga, Uvinza, Kasulu, Buhigwe na Kibondo. Mtoano: vipindi vinne vya robo fainali, viwili vya nusu, kimoja cha fainali, jumla saba. Kwa kuwa timu tatu au nne zinatoka mbali, bajeti ya kwanza ni nauli na malazi ya usiku mmoja, kabla hujafikiria zawadi. Timu iliyofika kwa basi saa 8 mchana na kutakiwa kusoma saa 10 na nusu itasoma kama watu waliofiwa.

Rekodi msimu wote kati ya Juni na Septemba. Mvua za Kigoma huanza karibu Oktoba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na kumbi nyingi zimeezekwa bati. Mvua juu ya bati haifutiki kwa programu yoyote ya kuhariri.

Kila mshairi asome angalau kazi moja, na asisome zaidi ya mbili. Usipoweka sharti hili timu itamtegemea nyota mmoja, na wengine watatu watakuwa wapambe wa kupiga makofi.

Kazi sita

Wawelishi huchanganya kazi nzito na nyepesi. Wanatunga englyn, ubeti mfupi wa silabi 30 zilizogawanywa 10, 6, 7 na 7, wenye kina kimoja na mpangilio maalumu wa konsonanti unaoitwa cynghanedd, ambapo sauti za nusu ya kwanza ya mshororo hujirudia katika nusu ya pili. Wanatunga cywydd, wenye mishororo ya silabi saba inayokwenda jozi kwa jozi. Lakini wanatunga pia limriki za kuchekesha, na kuna mshororo wa kutungwa papo hapo ukumbini. Mchanganyiko huo ndio unaomfanya asiyejua kanuni abaki kusikiliza. Kwa Kiswahili mgao huu unafaa:

1. Mshororo wa papo kwa papo. Shaha anatoa mshororo mmoja mwanzoni, timu zinarudisha wa pili kabla ya kazi ya mwisho.
2. Ubeti mmoja wa tarbia, yaani mishororo minne ya mizani 16, nane ukwapi (nusu ya kwanza) na nane utao (nusu ya pili), vina vya kati na vya mwisho.
3. Utenzi wa beti nne, mizani nane kila mshororo, mishororo mitatu ya kwanza kina kimoja, wa nne kina cha bahari kisichobadilika.
4. Ubeti wa kuchekesha.
5. Fumbo na jibu. Kila timu inatunga ubeti wa fumbo, mtayarishaji anaupeleka kwa wapinzani siku tatu kabla, nao wanakuja na ubeti wa jibu.
6. Shairi la beti nne, kazi kuu.

Kila kazi ina alama 10, jumla 60. Ruhusu nusu alama, kama wanavyofanya Wales. Nusu alama ndiyo inayoamua mechi nyingi, na ndiyo inayobishaniwa sokoni kesho yake.

Mada zitumwe siku 14 kabla, kwa timu zote mbili saa ileile. Mada nzuri ni kitu kinachoshikika: "Ngazi", "Taa ya karabai", "Foleni ya maji", "Kibirizi alfajiri". Ukitoa "Amani" au "Umuhimu wa elimu" utapata hotuba za mkuu wa wilaya zilizokatwa vipande vya mizani nane. Mada za vyama na wagombea ziachwe kabisa, hasa mwaka wa uchaguzi.

Kazi zirudi kwa mtayarishaji siku tatu kabla ya kurekodi. Yeye anaangalia mambo matatu tu: matusi, urefu, na kama ubeti umeibwa. Hapeleki kwa shaha mapema. Shaha anapewa karatasi zilizochapwa kwa herufi kubwa saa mbili kabla ya kurekodi, bila majina, ili ahesabu kwa utulivu na kuweka alama za penseli.

Mizani: kubalianeni kabla ya ugomvi

Ugomvi wote wa msimu utatoka hapa, kwa hiyo toeni waraka wa ukurasa mmoja kabla ya robo fainali ya kwanza. Yaliyo wazi yaandikwe kwa mifano. "Mtu" ni mizani mbili, m na tu. "Nchi" ni mbili. "Mbwa" ni mbili, m na bwa, lakini "mbuzi" nayo ni mbili, mbu na zi, kwa kuwa m hapo imemezwa. "Dagaa" ni tatu. "Muungano" ni nne, na anayeusoma "mungano" amejikata mwenyewe. "Mgebuka" ni nne.

Yasiyo wazi ni yale ya maneno ya kukopa. "Daktari": wapo wanaohesabu tatu, wapo wanaoipa k mizani yake na kupata nne. "Alhamisi" nne au tano. "Treni" mbili au tatu. "Afrika" tatu, na ukitumia mazida, yaani kurefusha neno, ukaandika "Afirika" unapata nne. Shaha achague upande mmoja, auandike, na asigeuke katikati ya msimu. Upande upi si hoja kubwa.

Uhuru wa mshairi nao uwe na mpaka. Inkisari (kufupisha neno) moja au mazida moja kwa ubeti inatosha. Timu inayoandika kwa kufinya kila neno la tatu haijapata msamiati, imepata mkasi.

Sasa jambo ambalo vituo vingi hulikosa: kughani huficha mizani pungufu. Chukua mshororo huu:

Mama yuko gengeni, nani atamwambia

Ukiuimba unavuta "gengeniii", unavuta "atamwambiaaa", sikio linaridhika. Uhesabu: saba na saba. Kwa hiyo kanuni iwe kwamba kila kazi isomwe kwanza kwa sauti ya kawaida, bila kuvuta, na kazi ya sita pekee ndiyo ighaniwe baada ya alama kutolewa. Wenye sauti nzuri watalalamika. Waache walalamike, kipindi ni cha watunzi.

Mfano wa mshororo wa papo. Shaha anatoa:

Meli imepiga honi, abiria wakimbia

Timu ya kwanza inarudisha:

Aliyelala nyumbani, nauli imepotea

Nane kwa nane, kina cha kati "ni", cha mwisho "a", na kisa kimekamilika: mtu keshakata tiketi, usingizi umemponza. Tisa. Timu ya pili inaleta "Mzigo uko begani, mwenyewe bado yupo njiani". Ukwapi safi, utao una mizani kumi na umeishia "ni". Tano, na shaha hahitaji maelezo marefu, wasikilizaji wenyewe wamesikia gari likiacha barabara.

Kwa kazi hii ya papo kwa papo simu zote zikusanywe kwenye kikapu mlangoni. Sababu haihitaji kuelezwa.

Alama na maneno ya shaha

Kuna kishawishi cha kugawa alama kwa jedwali: nne za kanuni, tatu za lugha, tatu za ujumbe. Jedwali hulinda jaji mwoga na hutoa matokeo ya ajabu, ambapo ubeti mkavu usio na kosa unaushinda ubeti wenye uhai na kosa moja. Mpe shaha alama nzima mkononi, ila mwekee sakafu na dari: kosa la mizani au kina hukata alama moja kwa kila mshororo, makato yasizidi tatu, na 10 kamili isitolewe zaidi ya mara mbili kwa msimu.

Ubeti sahihi usio na jambo ni saba. Wenye jambo ni nane. Wenye jambo na neno ambalo hakuna mwingine angelifikiria, tisa.

Tuseme timu ya Gungu, mada "Kituo cha mwisho", inasoma:

Mwisho wa reli Kigoma, njoo utazame ziwa,
Milima imesimama, na Kongo yaangaliwa,
Giza linapoinama, taa majini zatiwa,
Mgeni ukishahama, moyo wako huzuiwa.

Hesabu imetimia, mishororo yote minne ina 16, vina "ma" na "wa" havikuyumba. Mtangazaji wa kawaida angesema hongera. Shaha mzuri atasema hivi: "Gungu, mizani mmenilipa zote. Lakini 'yaangaliwa', 'zatiwa', 'huzuiwa', hivyo ni vina vya mnyambuliko, mmechukua mkia wa kitenzi cha kutendwa mkaukata mara tatu. 'Ziwa' pekee ndilo neno lililokuja kwa miguu yake. Na hiyo 'na' kabla ya Kongo ni kijazo, mlikuwa mnatafuta mizani ya nane. Giza kuinama, hapo nimewapenda. Saba na nusu."

Maneno kama hayo huchukua sekunde 30 hadi 40, na ndani yake msikilizaji wa Kakonko aliyeko jikoni amejifunza kitu kuhusu vina ambacho hakukipata darasani. Kanuni ya shaha ni hii: taja kosa moja kwa jina lake, taja neno moja lililofaulu, toa alama, nyamaza. Akipitisha sekunde 45, mtayarishaji amwonyeshe kidole.

Makosa yanayojirudia ni machache na shaha awe na jina fupi kwa kila moja, ili wasikilizaji wayazoee. Kina cha mnyambuliko tumekiona. Kijazo tumekiona. Kingine ni kurudia neno lilelile kama kina mara mbili katika ubeti, "nyumbani" na tena "nyumbani". Kingine ni kibwagizo (mshororo unaorudiwa mwishoni mwa kila ubeti) kitamu kinachoburuta beti dhaifu nyuma yake. Na kingine, kibaya kuliko vyote, ni ubeti wa mwisho wa "kaditama natua, kalamu naweka chini", unaokula robo ya shairi kumwambia msikilizaji kwamba shairi limekwisha. Kata nusu alama kila mara mpaka waache.

Maneno ya Kiha yasikatazwe. Kitu kikiwa na jina la huku tu, msomaji aseme maana kwa sentensi moja kabla ya kuanza kusoma, na lihesabiwe mizani kama linavyotamkwa. Matamshi ya mtu yasikatwe alama hata siku moja.

Ukumbi na sauti

Talwrn hurekodiwa katika kumbi za vijijini kote Wales, mbele ya watu, na hilo lina faida ambayo studio haina: kicheko. Ubeti wa kuchekesha bila watu wa kuucheka ni msiba. Tafuta ukumbi wa watu 60 hadi 100, wa shule au wa kata. Ukumbi mkubwa mtupu unarudisha mwangwi. Kama ni mtupu, tundika kanga na mapazia ukutani nyuma ya meza za timu, na watu wakae karibu.

Rekodi kati ya saa 10 na nusu alasiri na saa 12 jioni. Kigoma jua huzama karibu saa 1 usiku, kwa hiyo unapata nafasi tulivu kati ya adhana ya alasiri na ya magharibi. Angalizo: bati lililopashwa na jua la mchana huanza kulia "ta, ta" linapopoa, na dakika 20 za mwisho ndizo zinazoathirika. Panga kazi kuu kabla ya hapo. Zima feni. Jenereta, kama ipo, ikae mita 30 au zaidi, nyuma ya ukuta. Afadhali zaidi tumia kinasa sauti cha betri.

Maikrofoni nne za dainamiki zinatosha: moja ya shaha, moja kwa kila timu, moja ya watu. Mtangazaji agawane na shaha meza na maikrofoni, ila ukipata ya tano mpe yeye. Msomaji akae umbali wa ngumi moja na nusu, maikrofoni ikiinamishwa pembeni kidogo ili herufi p na b zisipige. Kosa kubwa ni msomaji kushika karatasi kati ya mdomo na maikrofoni. Weka stendi ya karatasi pembeni.

Rekodi kila maikrofoni kwenye njia yake, faili la WAV, 48 kHz, biti 24, kilele cha sauti kikicheza kwenye −12 dB. Dakika 90 za njia nne ni takriban GB 3, kadi ya GB 32 inatosha msimu wote, lakini usiache kazi ya wiki mbili kwenye kadi moja. Fundi avae hedifoni muda wote. Taa ya rekoda kuwaka si ushahidi kwamba inarekodi.

Usiende hewani moja kwa moja. Ukumbini utatumia dakika 75 hadi 90, ukikata unabaki na 28. Masomo na maneno ya shaha yanakula karibu dakika 16, utangulizi na kutambulisha timu dakika mbili, makofi na kusubirisubiri tatu, jumla za alama moja. Katika zinazobaki mpe shaha dakika tatu za darasa: leo inkisari, wiki ijayo kina cha bahari. Unapohariri kata salamu, kata kukohoa, kata "kwanza kabisa napenda kumshukuru". Kimya cha sekunde moja na nusu kabla ya alama kutajwa usikikate. Hapo ndipo msikilizaji anaposogea karibu na redio.

Ukitaja Wales hewani

Kipindi cha kwanza kinaweza kueleza wazo limetoka wapi, dakika mbili tu. Mtangazaji wa Kiswahili ana bahati hapa, sauti nyingi za Kiwelishi anazo mdomoni. Dd ni dh ya "dhahabu". F moja ni v. Ch ni kh ya "kheri". Mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, sawasawa na Kiswahili: eisTEDHvod. Cymru, jina lao la nchi, litamke karibu na "Kamri". Meuryn, "Meirin". Ngumu ni ll tu, iliyomo katika Llandderfel na mwishoni mwa Gerallt: weka ulimi kama unataka kusema l, kisha pitisha pumzi pembeni bila kutoa sauti. Jaribu mara tano kabla ya kuingia studio. Ukishindwa, sema l na uendelee, maana kusitasita kunaudhi kuliko kukosea.

Haki, zawadi na sare

Kila mshairi asaini karatasi ya nusu ukurasa: shairi ni mali yake, kituo kinapata ruhusa ya kulirusha, kulirudia na kulihifadhi, na likichapwa kitabuni ataulizwa tena. Hili la kitabu si ndoto, kwani Wales beti bora za Talwrn zilikusanywa na kuchapwa, na Gerallt mwenyewe ndiye aliyezihariri. Andika jina la mtunzi, mada, tarehe na alama katika jina la kila faili, siku ileile ya kurekodi. Baada ya mwezi hakuna atakayekumbuka "sauti_017_mpya" ni ya nani.

Fedha taslimu huleta maneno. Zawadi inayofaa ni kiti: kigoda cha mninga kilichochongwa na fundi wa huku, kimoja tu, kikae kwa timu iliyoshinda hadi msimu ujao. Kiagizwe kabla ya robo fainali, maana mafundi huahidi wiki mbili na hutoa mwezi.

Sare ikitokea, usigawe ushindi. Shaha anatoa mshororo mwingine, timu zinapewa dakika tano, karatasi zinakunjwa na kusomwa na mtangazaji bila kutaja timu. Shaha anachagua mmoja kwa sikio, bila alama. Ndipo majina yanatajwa.